Sono ya kukodi Lubumbashi: fleshi inacheza, orkestre inateseka

Nazungumzia kile kifurushi unacholetewa ukiagiza "sono ya harusi", yaani vyombo vya sauti, hapa Lubumbashi: bafle (spika) mbili za inchi 15 zenye amplifaya ndani, bafle mbili za besi za inchi 18, mikisa (mashine ya kuchanganya sauti) ya chaneli 12, mikro (maikrofoni) nne, stendi, na jenereta ya 5 kVA. Nimekitumia Kamalondo, Katuba na Kampemba, kwenye sali za watu 150 hadi 300, mara kwa fleshi ya DJ, yaani nyimbo zilizorekodiwa, mara kwa orkestre (bendi) ya watu wanane. Kwa fleshi kinatosha na kubaki. Kwa orkestre hakitoshi kama kilivyo, na ubaya wake ni kwamba lawama hawapewi wenye vyombo, wanapewa wanamuziki.

Tuanze na watu, maana ndio wanaolipiwa sherehe. Wimbo wa fleshi wanaujua kabla mwimbaji hajafungua kinywa. Gitaa likilia mara mbili, meza za vijana zimebaki na mikoba tu. Lakini DJ akikosea wimbo unaofuata, uwanja unamwagika vilevile kwa haraka. Orkestre haiendi hivyo. Wimbo wa kwanza watu wamekaa, simu juu, macho kwenye vidole vya mpiga gitaa la solo. Wimbo wa pili vichwa vinaanza kutikisika. Mwenye sherehe ambaye hajazoea anaingiwa na hofu hapo, anataka DJ arudishwe. Asithubutu. Sebene, ile sehemu ya wimbo ambayo magitaa yanatawala na watu wanacheza, haijafika.

Sebene ikifika, kiongozi wa orkestre anausoma uwanja. Umejaa, anaongeza mizunguko. Umechoka, anashusha ngoma, anamwachia besi peke yake kidogo, kisha anawarudisha wote kwa kishindo. Atalaku, yule mwenye kuhamasisha kwa mikro, anaanza kuita majina: baba mkwe, shangazi, rafiki aliyetoka Kolwezi jana. Noti zinatoka mifukoni. Hakuna faili inayojua jina la mjomba wa bibi harusi. Enzi za sahani ndogo za 45, nyimbo nyingi za Kongo zilikatwa vipande viwili, maneno upande A, sebene upande B, kwa sababu upande mmoja ulibeba dakika nne tano hivi. Ukumbini hakuna wa kugeuza sahani, na watu wanaijua tofauti hiyo kwa miguu.

Kwa nini basi bafle zilezile zinaishindwa orkestre? Wimbo wa fleshi umeshabanwa studio: sauti ndogo zimeinuliwa, kubwa zimeshushwa, hata kishindo cha ngoma kinapita wastani wa wimbo kwa desibeli 8 hadi 10 tu. Ngoma inayopigwa mbele yako inaruka desibeli 15 hadi 20 juu ya wastani. Kila desibeli 10 zaidi zinadai nguvu mara 10. Kwa hiyo bafle inayocheza fleshi usiku kucha bila taa nyekundu, inawaka nyekundu kwenye pigo la kwanza la ngoma ya mguu. Hapo kibano cha ndani ya bafle, kile kinachozuia sauti isizidi uwezo wake, kinaikamata sauti, ngoma inapoteza meno, na sauti za waimbaji zinazama pamoja nayo kila pigo likipita. Msikilizaji hajui hayo yote. Anasema tu "hawa hawachezeshi" na anarudi kwenye chupa yake.

Usidanganyike na "2000 W" iliyoandikwa nyuma ya bafle. Hiyo ni nguvu ya kilele cha muda mfupi sana. Nguvu ya kudumu mara nyingi ni nusu yake au robo. Na nguvu ikiongezwa mara mbili unapata desibeli 3 tu, yaani kukodi bafle kubwa kidogo hakubadilishi mengi. Kinachobadilisha ni kuzikodi nne badala ya mbili, na kuondoa kazi isiyo ya lazima kwenye hizo ulizonazo.

Jambo linalosahaulika kuliko yote ni sauti ya DJ kabla ya orkestre. Kwa vile faili imebanwa, sikio linaisikia kubwa kuliko ngoma na magitaa halisi. DJ akiwa ameshapandisha mpaka mwisho, orkestre inaingia ikionekana dhaifu hata kama inapiga vizuri ajabu. Mwambie DJ ashushe desibeli 6 nusu saa kabla ya zamu yao, taratibu, pasipo mtu kugundua. Halafu fleshi iendelee kucheza mpaka mpiga ngoma ahesabu vijiti. Ishushwe polepole kwa sekunde tatu mpaka izime, si kwa kukata. Dakika tano za kimya huku watu wanatafuta waya zinafukuza uwanja mzima.

Sasa mikisa. Imeandikwa chaneli 12, lakini matundu ya mikro ni sita. Mengine ni jozi za stirio kwa fleshi na kinanda. Hesabu: waimbaji wawili, atalaku, ngoma ya mguu, solo, besi. Sita zimekwisha, na mikro ulizoletewa ni nne, hivyo ya kuweka mbele ya amplifaya ya solo hauna. Mpiga mi-solo (gitaa lililo kati ya solo na ridhimu) abaki na amplifaya yake, kwenye sali ya watu 200 inatosha. Ngoma nyingine ziachwe bila mikro. Besi isichomekwe moja kwa moja kwenye mikisa, inatoka nyembamba. Inahitaji kile kijiboksi cha DI, kinachoifanya sauti ya gitaa ifae kuingia kwenye mikisa. Kinanda kinaweza kuingia kwenye stirio bila shida.

Mikro kupiga mluzi ndilo tatizo la pili. Mikro ya kawaida ya mwimbaji husikia vizuri mbele na vibaya nyuma, kwa hiyo bafle ya kumrudishia sauti ikae nyuma kabisa ya mikro, usoni pake, wala si pembeni. Bafle za watu zikae mbele ya mstari wa mikro, juu ya stendi, tundu la sauti nyembamba likipita vichwa vya watu waliosimama. Mikro isiyotumika ifungwe: ukifungua nne badala ya mbili umepoteza desibeli 3 kabla ya mluzi kuanza. Na atalaku aombwe kwa heshima asikumbatie kichwa cha mikro kwa kiganja. Akifunika matundu ya nyuma ya wavu, mikro inaanza kusikia pande zote, ikiwemo bafle, na mluzi unafuata hapohapo. Wanapenda sana kuishika hivyo, wameona kwenye klipu.

Kuweka sauti ya mikro: mwimbaji aimbe kwa nguvu ile atakayoimbia sebene, siyo kunong'ona "moja, mbili". Pandisha geini (nguvu ya sauti inayoingia) mpaka kipimo kifike karibu na sifuri, kisha fada (kitelezi cha chaneli) iwe kwenye alama ya 0, si chini kabisa. Bonyeza kitufe cha kukata besi kwenye chaneli za sauti, kinaondoa chini ya hezi 80 au 100 na kuzipunguzia bafle mzigo bure. Mi-solo likiyafunika maneno, lishushwe kidogo kwenye amplifaya yake badala ya kupandisha mwimbaji.

Sali tupu inadanganya. Kuta za saruji na mabati vinarudisha sauti nyembamba, unashusha treble mchana, jioni watu wanaingia na nguo zao, wanainyonya, muziki unakuwa wa kwenye gunia. Acha treble kidogo juu. Sali ikiwa ndefu na umeweka bafle za ziada mita 20 nyuma, zicheleweshwe milisekunde 58 hivi, kwa kuwa sauti inasafiri mita 343 kwa sekunde. Bila hivyo, meza za nyuma zinasikia kila pigo mara mbili na makofi yao hayalingani na ya mbele. Mvua ya Januari juu ya mabati haina dawa. Mpe DJ zamu mpaka ipungue.

Kuhusu wanaoimba juu ya pleibeki, yaani rekodi iliyokwisha kutengenezwa: watu wa hapa wanagundua upesi. Wanapiga makofi ya adabu, lakini noti hazitoki. Afadhali fleshi ya wazi kuliko hiyo.

Umeme. Lubumbashi iko mita 1,200 hivi juu ya bahari, na injini ya petroli hupoteza karibu asilimia 3 kila mita 300. Jenereta yako ya 5 kVA hapa inafanya kama ya 4.4. Ukiitundikia na friza za bia, friza inapoanza huvuta umeme mara kadhaa ya kawaida yake, taa zinafifia, na kinanda kinajizima katikati ya wimbo. Friza ziwe na laini nyingine, bila mjadala. Ukisikia mngurumo wa chini usiokoma, kinanda na mikisa vichomekwe sehemu moja ya umeme. Mngurumo ukibaki, tumia kitufe cha kutenga ardhi kwenye DI. Usivunje pini ya ardhi kwenye plagi, hata fundi wa sono akikuambia ndiyo desturi. Mwimbaji anayeshika mikro ya chuma kwa mikono yenye jasho ndiye atakayelipa.

Ningewapa nyota nne kwa fleshi na mbili kwa orkestre. Ukikodi kwa ajili ya orkestre, andika kwenye risiti kabla ya kulipa nusu ya kwanza: bafle mbili za kurudisha sauti, DI moja, mikro ya tano, bafle mbili za ziada, waya za mikro nane badala ya nne, na nani analeta petroli. Jenereta ya ukubwa huo inakunywa lita mbili hivi kwa saa, na haijazwi ikiwa moto. Izimwe, ipoe na kujazwa wakati watu wanakula bukari (ugali), kabla orkestre haijapanda.