Kayaki Mida, Watamu: uliza maji kwanza, bei baadaye

Kwa wale wanaouliza kama kayaki za Mida, vile vimtumbwi vya kupiga kafi kwenye mkono wa bahari, ni za watalii tu, hapana jamani, mkazi analipa bei ya mkazi, ila usipitie hotelini maana huko bei inapanda halafu unapelekwa kwa vijana walewale wa kayaki. Panda matatu ya Mombasa–Malindi, shuka Mida kabla hujafika Gede, fuata njia ya mchanga mpaka majini uongee nao wenyewe.

Usiulize wanafungua saa ngapi, uliza maji yanajaa saa ngapi. Ule ni mkono wa bahari, siku za bamvua (mwezi mpevu au mwandamo) maji yanapanda na kushuka zaidi ya mita 3, yakishapwa ni matope tu na kayaki utaikokota mwenyewe. Kuna familia tuliwakuta wameuziwa safari na jamaa fulani wa ufukweni, maji yashatoka, baba mtu yuko kwa tope hadi magotini anasukuma, watoto wamekaa tu wanacheka.

Sisi tuliingia maji yakijaa na hiyo ndo raha yenyewe, yanakupeleka ndani taratibu, kafi unaishika tu ya kugeuzia, unapenya vichochoro vya mikoko ambavyo boti ya injini haiingii. Kijana aliyetuongoza, Mgiriama wa hapohapo, anajua mti mmoja mmoja, huu mkoko, ule mkandaa, akakata jani la mchu akanambia "dada lamba hapo", nikalamba, chumvi tupu! Mti unaitoa kupitia majani. Pembeni kaa wadogo, dume ana gando moja kubwa kuliko mwili, anapunga weee. Halafu kasa akachomoza kichwa karibu kabisa na mpwa wangu, akavuta pumzi, akazama, mtoto kafi ikamponyoka mkononi.

Kuwaona ndege, nenda kati ya Septemba na Aprili. Kuna wale weupe na weusi, mdomo mnene, chakula chao kaa, wanazaliana pande za Uarabuni na Pembe ya Afrika, tena wanataga kwenye mashimo ya mchangani, halafu wanakuja kukaa kwetu. Maji yakijaa wanabanana kwa kisehemu kilichobaki kikavu, na yule kijana hakutaka kabisa tuwasogelee tukawarusha. Hapo nilimpenda.

Lawama sasa. Laifu jaketi za watoto ni chache, moja kifungo kimekatika, tukangoja kundi lingine lirudi ndo tukapata nzima. Viti vinaumiza mgongo. Mfuko wa kukinga simu beba wako. Na kama bado hujazoea kupiga kafi usikubali kupelekwa mlangoni, kule mkono wa bahari unakokutana na bahari kuu, maji yakitoka pale yanavuta si mchezo.

Nawapa nyota 4. Ukitoka pita mgahawani Dabaso kwa samosa za kaa, na piga simu uagize kabla hujaingia majini maana utarudi na njaa ya ajabu.