Mnada wa Michoro ya Kisasa ya India: Sahihi Kubwa, Kazi Dhaifu

Nilizuru kwa siku mbili maonyesho yaliyotangulia mnada wa michoro ya kisasa ya India mjini Mumbai, kisha nikahudhuria mnada wenyewe. Huduma ilikuwa nzuri: michoro ilitundikwa kwa nafasi, wahudumu walikuwa tayari kuishusha ili mgeni aone mgongo wa turubai, na kamisheni inayoongezwa juu ya bei ya mwisho ilielezwa mapema bila kificho. Lawama yangu ni moja, nayo ni nzito. Makadirio ya bei yalifuata sahihi na ukubwa wa turubai, ubora wa mchoro ukawekwa kando.

Hayo yalidhihirika zaidi kwenye mchoro mmoja wa S. H. Raza wa miaka yake ya mwisho. Raza, ambaye alikuwa miongoni mwa wasanii wa Progressive Artists' Group iliyoundwa Bombay, yaani Mumbai ya leo, mwaka 1947, alihamia Ufaransa mwaka 1950, na baadaye akajulikana zaidi kwa bindu, ile nukta nyeusi aliyoifanya kuwa mbegu na kitovu cha kila kitu. Katika kazi zake zilizoiva, weusi wa nukta hiyo una kina, na ukiusogelea unaona alama za brashi na rangi nyingine zikichungulia pembeni. Hii niliyoiona ilikuwa duara la rangi ya akriliki lililojazwa mara moja, limelala bapa kama sahani, na pembetatu zilizolizunguka zilikuwa zimejazwa rangi kwa uangalifu wa mtu anayemaliza kazi aliyopangiwa. Nilisimama mbali, nikasogea, nikarudi nyuma tena, na kila mara nikaona kitu kilekile. Hata hivyo maelezo yaliyoambatana nao yaliukumbusha umma kwamba Gestation, aliouchora mwaka 1989, uliuzwa mwaka 2023 kwa zaidi ya rupia milioni 500, kana kwamba sifa ya mchoro mmoja hurithiwa na yote iliyoufuata.

Farasi wa M. F. Husain walinisikitisha zaidi, kwa kuwa nampenda. Husain aliwahi kuchora mabango ya sinema, na wepesi wa mkono alioupata huko ulimjenga, lakini pia ulimponza kila alipojirudia. Anayetaka kumpima aitazame shingo ya farasi: katika kazi imara mstari mmoja hushuka kutoka sikioni hadi begani ukiwa umebeba uzito wa mnyama mzima, ilhali katika mchoro huu mstari ulikatika katikati, ukaungwa kwa rangi nyeupe, na kwato zikabaki zikining'inia bila ardhi. Gram Yatra, mchoro wake wa mwaka 1954 ulionunuliwa New York mwaka 2025 kwa zaidi ya dola milioni 13, una vipande kumi na vitatu vya maisha ya kijijini, na mtu anaweza kukaa mbele ya kimoja tu akasahau vingine.

Kazi za mchoraji Jamini Roy nilizipita haraka. Sheria ya mwaka 1972 ya kulinda hazina za sanaa hairuhusu zitolewe nje ya India, kwa hiyo bei zake huamuliwa na wanunuzi wa ndani, na kwa kuwa karakana yake ilirudia sana maumbo yaleyale, ni lazima kila moja ikaguliwe peke yake.

Mchoro ule wa Raza ulivuka kadirio la juu la bei ndani ya dakika chache. Baada yake ukaja mchoro mdogo wa Ram Kumar juu ya karatasi, nyumba za mji wa Varanasi zikiwa zimebanana hadi zinakaribia kuwa mwamba, na kijivu chake kikibadilika kutoka ukuta hadi ukuta. Huo niliomba nishushiwe mara mbili wakati wa maonyesho. Mnadi aliutaja, mikono miwili tu ikanyooshwa, na nyundo ikagonga kwenye kadirio la chini.