Tiketi ya Dar es Salaam–Dubai: ipi ya kununua, ipi ya kuiacha

Kutoka uwanja wa Julius Nyerere hadi Dubai ni takriban kilomita 3,980 angani. Ukipitia Doha zinafika 4,200, Nairobi 4,230, Addis Ababa 4,290. Tofauti haizidi kilomita 320, hata nusu saa ya kuruka haifiki. Kinachokula muda ni kusubiri uwanjani, basi panga tiketi kwa kipimo hicho.

Bora kuliko zote ni ndege isiyotua njiani, kama saa tano na nusu. Hakikisha tiketi inaonyesha vituo 0, maana zipo ziitwazo “moja kwa moja” ambazo hutua mahali bila abiria kubadili ndege. Kwa mfanyabiashara wa Kariakoo anayerudi na mabegi yaliyojaa, hii ndiyo inayostahili kuongezewa pesa: mzigo unapakiwa mara moja na kushushwa mara moja.

Ya pili ni kituo kimoja, tiketi moja, kusubiri saa mbili hadi nne. Muda wa kuunganisha ukiwa saa moja tu, ndege ya kwanza ikichelewa dakika 30 wewe utakimbia na pengine utaiwahi ya pili, lakini begi linaweza kubaki. Njia ya Addis Ababa hukata safari vipande viwili, kama saa tatu na saa nne, kwa hiyo usingizi haukolei. Kwa safari ya usiku tunaipendelea Doha: unalala zaidi ya saa tano, kisha kipande kifupi cha mwisho.

Ya tatu, kusubiri saa nane na zaidi. Gawa nauli uliyookoa kwa saa za ziada. Dola 90 kwa saa tisa ni dola 10 kwa saa, kabla hujanunua chakula cha uwanjani.

Tiketi mbili zilizonunuliwa mbalimbali ziweke mwisho kabisa, na ukiwa na begi la kukabidhi ziache. Mara nyingi utapita uhamiaji, uchukue mzigo, ukabidhi upya. Ukiikosa ndege ya pili, unanunua nyingine kwa bei ya siku hiyo.

Kabla ya kulipa, soma saa vizuri. Dubai iko mbele kwa saa moja na tiketi huandika saa za mahali: kuondoka 17:00 na kufika 23:30 ni saa tano na nusu, si sita na nusu. Hatari zaidi ni 00:40 ya Jumamosi. Hiyo ni saa sita na dakika 40 usiku wa Ijumaa kuamkia Jumamosi, na uwanjani unatakiwa Ijumaa saa nne kasoro usiku. Watu huenda Jumamosi usiku, ndege ikiwa imeshaondoka tangu usiku uliotangulia.