Besi bila amplifaya: uzoefu wangu na kiboksi cha SansAmp kwenye hoteli za Malindi

Mtu akiniuliza napigia amplifaya gani, namjibu sina. Nilikuwa nayo, ya spika ya inchi 15, nikaliuzia kanisa moja huko Barani, na kazi hapa Malindi haijapungua. Besi yangu siku hizi inaingia kwenye kiboksi kinachoenea mfuko wa mbele wa begi la gitaa, kutoka hapo inaingia mikisa, ile mashine ya kuchanganya sauti, basi. Kiboksi chenyewe ni SansAmp Bass Driver DI, toleo la pili, kazi ya Tech 21 wa New York. Nimekitumia misimu kadhaa ya wageni, hotelini na harusini, na nimekijua vya kutosha kukisifu na kukisema.

Kwanza mjue kazi yenyewe. Sisi ni bendi ya kopi. Hatuna albamu, tuna orodha ndefu ya nyimbo za watu. Kwenye hoteli za barabara ya Casuarina tunaanza wageni wakiwa wanakula, polepole, na nyimbo za Kiitaliano ambazo mwimbaji wetu amezikariri neno kwa neno bila kujua nusu ya anachosema. Sahani zikiondolewa tunaingia reggae. Baadaye bango, ule muziki wa Mzee Ngala wa Mombasa, kwa sababu wafanyakazi wa jikoni nao wanachungulia na wanataka chao. Akiwepo mgeni wa kutoka bara ataomba benga, na ikiwa ni harusi hakuna anayekwenda kulala bila sebene.

Sasa fikiria besi moja ifanye yote hayo. Kwenye benga besi inaongea sana, inarukaruka na kujibizana na gitaa la solo. Reggae inataka besi nzito isiyokwaruza. Bango inataka itembee kwa adabu, usiisikie mpaka iondoke. Na kati ya wimbo na wimbo huna dakika ya kuchezea nobu, maana waliosimama kucheza wakipoa tu wanarudi kwenye viti vyao na meneja anaanza kuangalia saa.

Vyombo vya hoteli si vyetu. Hii ina mikisa mpya yenye chaneli za kutosha, ile ya Watamu ina mikisa ambayo nusu ya chaneli zimefungwa kwa selotepu. Spika karibu zote ni za inchi 12, mbili, juu ya stendi, moja imeegemezwa kwenye mnazi. Jukwaa ni kona kando ya bwawa la kuogelea. Ukileta amplifaya kubwa hapo unamgombanisha meneja na meza za mbele, ukileta ndogo inakohoa. Kuna wapiga besi wanaoota Ampeg SVT, ile amplifaya ya wati 300 iliyotoka mwaka 1969. Ni chombo cha heshima, sibishi, lakini kichwa chake peke yake kina zaidi ya kilo 35 kabla hujagusa kabati la spika nane. Mimi nakwenda kazini kwa tuktuk, na mle ndani kuna mpiga dramu na dramu zake.

Kazi ya DI, yaani kiboksi cha kuingiza gitaa moja kwa moja kwenye mikisa, ni hii. Pikapu ya gitaa, ile sumaku iliyo chini ya nyuzi inayonasa mtetemo wake, hutoa mawimbi dhaifu. Ukiyapitisha kwenye waya wa kawaida wa gitaa mpaka mikisa iliyoko upande wa pili wa ukumbi, yanapoteza ung'avu na kuokota kila kelele njiani. DI huyatayarisha yaingie kwenye waya wa XLR, ule wa pini tatu, ambao hubeba sauti ileile mara mbili, ya pili ikiwa imegeuzwa juu chini. Mikisa ikiigeuza tena ile ya pili na kuzijumlisha, sauti inabaki na kelele zilizookotwa njiani zinajifuta zenyewe. DI ya kawaida inaishia hapo, na besi yako inafika safi lakini kavu. SansAmp inaongeza ladha ya amplifaya za zamani za vali, zile za mirija ya kioo, ule unene na mkwaruzo mdogo. Andrew Barta, mwanzilishi wa Tech 21, aliitoa SansAmp ya kwanza mwaka 1989, na kiboksi hiki cha besi ni cha ukoo huohuo.

Wapo wazee wa kazi wanaoniambia besi bila spika yake nyuma ya mgongo si besi. Nawaheshimu. Ila James Jamerson, ambaye kila mpiga besi wa kopi amemwiga hata kama hajui jina lake, studioni Motown, ile kampuni ya rekodi ya Marekani, besi yake ilikuwa ikiingizwa moja kwa moja kwenye mitambo. Nyingi ya zile noti tunazozihangaikia hazikupita kwenye maikrofoni iliyowekwa mbele ya spika.

Nobu iliyonifanya nikipende kiboksi hiki ni ya besi, na hasa swichi ndogo iliyo karibu nayo. Toleo la pili linakuwezesha kuchagua uongeze uzito kwenye hezi 40 au hezi 80. Hezi ni idadi ya mitetemo kwa sekunde, namba ikishuka sauti inakuwa nzito. Mtu wa kawaida ataona 40 ndiyo nzito zaidi, kwa hiyo ndiyo bora. Kwa hoteli zetu sivyo. Uzi wa E ukiupiga mtupu unatoa hezi 41 hivi, na ukiwa na gitaa la nyuzi tano, ule wa B unashuka mpaka 31. Spika ya inchi 12 iliyo juu ya stendi inaanza kuchoka ikifika kwenye 50. Ukiongeza 40 unaiamrisha itoe kitu isichoweza: karatasi yake inapepea, nguvu ya amplifaya inaliwa, na sauti ya mwimbaji inatetemeka kwa sababu anatumia spika hiyohiyo. Ukiongeza 80 unaongeza kivuli cha ile noti, oktava moja juu yake, na sikio la msikilizaji linajijazia lililobaki. Mgeni aliyeko kwenye kiti cha bwawani anaapa amesikia E ya chini. Hakuisikia sana, lakini anatikisa kichwa.

Kwa hiyo swichi yangu iko kwenye 80 na sijaigusa tena. Hii pia ndiyo sababu sijanunua nyuzi tano ingawa vijana wananicheka. Uzi wa B ni mtamu ukiwa na spika za kuubeba. Kwa spika za hoteli unalipia uzi ambao watu wanausikia kwa kukisia.

Nobu ya kati nayo ina swichi, 500 au 1000. Kwa rumba na bango naipenda 500, besi inakuwa na kifua. Benga ikiingia nabonyeza 1000 na vidole vinasikika kila kimoja. Nobu inayoitwa Blend, inayochanganya sauti halisi ya gitaa na ile yenye ladha ya amplifaya, naiacha karibu na nusu. Drive, ile ya kuongeza mkwaruzo, naiweka chini, robo hivi. Ukiipandisha ni tamu ukiwa peke yako chumbani, lakini ndani ya bendi yenye kinanda na magitaa mawili inakuwa tope. Toleo la kwanza halikuwa na nobu ya kati, na wengi walilalamika besi inamezwa na bendi. Ukikiona cha mtumba, angalia kama ni hilo, kwa sababu kwa kazi ya kopi ningesubiri la pili.

Jambo la stima linahitaji maneno yake. Baa za ufukweni zina friji, taa za rangi, pampu ya bwawa, na vyote vimechomekwa ukuta mmoja na mikisa. Waya wa athi, ule wa kupeleka umeme ardhini, mara nyingi haueleweki umekwenda wapi. Matokeo yake ni mngurumo. Stima yetu ni ya hezi 50, na mngurumo huo unakaa juu kidogo ya noti ya G ya freti ya tatu kwenye uzi wa E, ambayo ni hezi 49. Yaani unapopiga G, besi na ukuta vinaimba pamoja na havipatani. Mwimbaji anageuka kukutazama wewe. Kiboksi hiki kina swichi ya kukata njia ya athi kwenye waya wa XLR, na mara nyingi kuibonyeza tu kunamaliza maneno. Siku moja Watamu fundi wa mitambo, kijana mdogo, alikuwa amehangaika na ule mngurumo tangu magharibi. Nilipobonyeza swichi ukakatika kama umekatwa kwa kisu. Akaniambia, "Ami, na hivyo viboksi vingine ulivyo navyo nyumbani hebu niletee." Sina vingine.

Mngurumo mwingine unatoka kwenye gitaa lenyewe, na huo DI haiwezi kuutibu. Gitaa la aina ya Precision, lenye ile pikapu iliyogawanyika mara mbili tangu mwaka 1957, limeundwa lijifutie mngurumo. Jazz Bass ina pikapu mbili za koili moja moja: ukizifungua zote sawa ziko kimya, ukizima moja zinaanza kuimba na taa za disko. Mimi napigia Squier ya umbo la Precision, nobu mbili tu, haina betri ndani. Gitaa lenye betri lina sauti nyingi zaidi, lakini betri ikiisha katikati ya sebene hakuna atakayekusikiliza ukijieleza.

Kiboksi chenyewe kinakula umeme kwa njia tatu: betri ya volti 9, adapta, au zile volti 48 ambazo mikisa hupitisha kwenye waya uleule wa XLR. Mikisa ikiwa na volti hizo hutahitaji soketi ya ukutani kabisa. Ikiwa haina, betri. Adapta siibebi. Stima ikipotea na jenereta ikawaka, volti huruka kabla hazijatulia, na kila kilichochomekwa ukutani kinapata kipigo. Mpiga kinanda wetu alishaunguza adapta kwa njia hiyo, akamalizia usiku akipiga kayamba. Stima ikikatika kabisa mimi nanyamaza kama yeyote mwenye amplifaya, na mpiga dramu na waimbaji wanaendelea na chakacha mpaka mwanga urudi.

Nyuzi nazo niziseme, kwa kuwa kiboksi kizuri hakisaidii kitu uzi ukiwa umekufa. Upepo wa kaskazi ukivuma, na ndio msimu wenyewe wa kazi, chumvi inatua kwenye kila chuma. Nyuzi za kawaida, zile za kuzungushiwa waya wa duara, nikiziweka mpya zinang'aa sauti wiki mbili tatu kisha zinakuwa kama kamba ya nguo, na chini ya vidole unahisi kutu. Nimehamia nyuzi zilizovishwa nailoni nyeusi. Chuma kiko ndani, jasho na chumvi vinaishia juu. Sauti yake ni ya mviringo, ina harufu ya lile besi kubwa la kusimama, inafaa taarabu, rumba na bango bila kuuliza. Kwa benga unapoteza ukali kidogo, na hapo ndipo ile swichi ya 1000 inapolipa deni. Jamerson naye alitumia nyuzi bapa na hakuwa mtu wa kuzibadilisha, kwa hiyo ung'avu si dini. Ila nyuzi za nailoni ni nene, zilikataa kukaa kwenye vijifereji vya kile kipande cheupe kichwani mwa shingo ya gitaa, ikabidi fundi avipanue kwa tupa. Na hazizuii kutu kwenye skrubu za daraja. Hizo nazipangusa kwa kitambaa chenye mafuta kidogo ya cherehani nikirudi nyumbani, hata iwe saa nane usiku.

Upungufu wa kutokuwa na amplifaya ni mmoja, na ni mkubwa: unajisikia kwa hisani ya fundi wa mitambo. Monita, ile spika inayotuelekea sisi jukwaani, ikiwa moja na mwimbaji ameikumbatia, unapiga kwa kuangalia mguu wa mpiga dramu. Kiboksi kina tundu la pili la jeki ya kawaida, na pale ambapo nafasi ipo nachomeka hapo spika ndogo ya mpiga kinanda, naiweka chini ikinielekea mimi peke yangu. Pia hakina mita ya kutyuni, nimefunga ile ya kubana kichwani mwa gitaa. Kwa wanaopiga uwanjani kwenye mikutano mikubwa, ambako kampuni ya vyombo inaleta kila kitu, kiboksi hiki kinatosha kabisa. Kwa anayepiga kwenye kumbi zisizo na mikisa, au ngoma za vijijini ambako kila mtu anakuja na spika yake, asiuze amplifaya.

Bei si ya mchezo. Kipya kinakaribia gitaa la kuanzia. Changu nilikinunua mtumba kwa mwanamuziki aliyekuwa anahama, kwa pesa iliyobaki baada ya kuuza ile amplifaya, na chenji ikapatikana. Nairobi, maduka ya Luthuli na kwingineko, utakuta vya bei nafuu vinavyofanana nacho kwa umbo. Ukienda kununua chochote kati ya hivyo, beba gitaa lako mwenyewe na waya mrefu wa XLR, kijaribu kwa volti za mikisa na kwa betri, ukibonyeze swichi zote huku sauti iko juu. Muuzaji akikwambia hana mikisa ya kujaribia, mwambie utarudi akiipata.