Mishale ya Easton Axis kwa upinde wa kompaundi: uzoefu wangu

Nawinda kulungu wa mkia mweupe hapa Missouri, jimbo alikotoka Holless Wilbur Allen, aliyepata hataza ya upinde wa kompaundi, ule wa magurudumu na kamba kadhaa, mwaka 1969. Ndugu zetu wanaoanza huniuliza wanunue upinde gani. Mimi huwarudisha kwenye mshale. Upinde wowote wa kisasa uliowekwa sawa una nguvu ya kutosha kwa kulungu. Mshale ndio unaokutana na mfupa, na ukivunjika hapo mnyama hukimbia na jeraha akafie mbali, asionekane tena. Hilo linaniuma kuliko kukosa shabaha.

Mishale yangu ya mwanzo ilikuwa ya kaboni, imeshaunganishwa dukani, bei nafuu. Uti wenyewe, yaani mwili wa mshale, haukuwa na shida kubwa. Shida ilikuwa mbele, kwenye insati, kile kipande cha alumini chenye hesi ambamo kigumba hufungwa. Mshale ukigonga jiwe au kombe la bega, insati hupinda au hung'oka, na kuanzia hapo hauendi tena ulikolenga.

Ndiyo sababu nikahamia Easton Axis ya milimita 5. Uti wake ni mwembamba wenye ukuta mnene, na insati huzamishwa yote ndani, hivyo shina la kigumba hushikwa na kaboni yenyewe na kila kitu hukaa kwenye mstari mmoja. Wembamba huo pia hupunguza kusukumwa na upepo wa pembeni.

Kwenye spaini, yaani ukakamavu wa uti, ndipo wengi hukwama. Nambari 300, 340 na 400 hazielezi uzito. Uti hulazwa juu ya mihimili miwili iliyoachana inchi 28, uzito wa paundi 1.94 unaning'inizwa katikati, kisha inapimwa umebonyea kiasi gani. Ukibonyea inchi 0.300, huo ni spaini 300. Kwa hiyo nambari ikiwa ndogo, uti ni mkakamavu zaidi. Upinde wangu huvutwa kwa nguvu ya paundi 65 na mshale wangu ni inchi 28. Kwa kuwa napenda uzito mwingi mbele, na uzito huo huufanya uti ujikunje zaidi unapofyatuliwa, nilichukua 300.

Uti huo una greni 10.7 (greni ni kipimo kidogo cha uzito) kwa kila inchi, kwa hiyo karibu greni 300 kwa inchi zote 28. Insati ya shaba njano, ambayo nanunua kando, ni 50, kigumba 125, mabawa matatu pamoja na noki, kile kipande cha nyuma kinachoshika kamba, kama 27. Jumla ni greni 500 na ushei, gramu 32 hivi. Hiyo ni zaidi ya greni 7 kwa kila paundi ya upinde, wakati kiwango cha chini kinachokubalika kwa upinde wenyewe usiharibike ni 5. Mwendo unapungua, ndiyo, lakini napiga nikiwa yadi 20 hivi, na upinde unapofyatua mshale mzito hutulia na kelele hupungua. Dk. Ed Ashby, aliyejaribu mishale kwa miaka mingi Afrika na Australia, anataka greni 650 kwa mifupa mizito. Kwa kulungu naona si lazima. Ninachokichukua kwake bila kusita ni kwamba katika orodha yake uimara wa mshale mzima ndio wa kwanza, kabla ya uzito.

Kuunganisha nafanya mwenyewe, na hapa msiharakishe. Nakata kwa msumeno wa kisahani nikiwa na barakoa, maana vumbi la kaboni ni baya kwa mapafu. Nasawazisha mdomo kwa msasa hadi uwe bapa kabisa, bila mshazari, kisha nasafisha ndani kwa spiriti mpaka pamba itoke nyeupe. Gundi isiposhika, tisa kati ya kumi ni uchafu. Epoksi naipaka kwenye insati, naiingiza huku naizungusha, halafu nauacha mshale usiku kucha. Mwisho navalisha pete ndogo ya chuma kwenye mdomo wa uti, kwa sababu insati ikiwa imezama, ukingo wa kaboni ndio unaopokea kishindo. Baadaye nauzungusha mshale nikitazama ncha. Ikiyumba, hauendi porini.

Na kila mshale uliogonga kitu kigumu naukunja polepole karibu na sikio, nikiugeuza pande zote. Ukisikia mlio wa kupasuka, uvunje na uutupe. Kaboni yenye ufa inaweza kupasuka wakati wa kufyatua na vipande vikaingia mkononi.

Bei si ya mchezo, na epoksi ikishakauka insati haitoki kirahisi, kwa hiyo amua uzito wa mbele kabla ya kugundisha. Kwa anayepiga shabaha tu uwanjani, mishale ya bei ya chini inatosha. Wasomaji wa Kenya, ambako uwindaji umepigwa marufuku tangu 1977, wako kundi hilo. Lakini kwa wewe unayesubiri msimu wa Missouri ufunguliwe Septemba 15, nunua sita badala ya kumi na mbili, na pesa iliyobaki iweke kwenye vigumba vya chuma kizuri, vya kipande kimoja, visivyo na wembe wa kubadilisha.