Kappa wa milimita 28: Green Stuff au Super Sculpey?
Tuseme unafinyanga kisanamu cha kappa, yule kiumbe wa mitoni wa Japani mwenye gamba la kobe, mdomo wa ndege na kisahani cha maji utosini, ndo unaanzia wapi? Green Stuff ni udongo wa kufinyangia unaojikaukia wenyewe, unakuja rangi mbili, bluu na njano, unazikanda nusu kwa nusu mpaka zinakuwa kijani afu ndo mbio zinaanza, una kama saa moja na kitu kabla haijaanza kugoma. Inanata balaa yani, kifaa lazima ukiloweshe maji kila mara la sivyo inakufuata. Ila ikishakauka inabaki na unyumbufu fulani, kale kamkono kembamba ka kappa hakakatiki ovyo akidondoka mezani, na unaenda kwa tabaka, leo kiwiliwili, kesho unakuja kuchora magamba bila kuharibu chini.

Super Sculpey, udongo wa kuoka kwenye oveni, haina presha kabisa, inabaki laini mpaka uioke, nyuzi 130 za Selsiasi dakika 15 kwa kila milimita 6 za unene, kwa hiyo pua ndefu ya tengu, zimwi lingine la Japani, unaivuta, unaifuta, unaivuta tena hata kesho kutwa. Shida ukimshika mgongoni unambonyeza, na vitu vyembamba bila waya ndani vinavunjika. Halafu jamani kitako cha plastiki anachosimamia kitoe kabla ya oveni!

Mi kwa kappa mdogo nachagua Green Stuff bila kufikiria. Oni, lile zimwi la Japani lenye pembe, akiwa mnene wa sentimita 10, hapo Sculpey, afu kucha na meno unamalizia na Green Stuff juu yake akishaokwa na kupoa.