Kitana cha chuma cha meno membamba: kipimo kizuri, tiba nusu

Ukikiona kwa wauza vipodozi sokoni Mwanga, hapa Kigoma, au kule Ujiji, usikidharau. Kasoro kinazo, lakini kinaweza kukuokoa usinunue dawa ya chawa bure.

Kikague palepale. Kunja karatasi ya daftari mara moja, ipitishe katikati ya meno. Ipite kwa kubana, maana nafasi inayotakiwa ni milimita 0.2 hadi 0.3, ikipwaya, mayai ya chawa yatapenya. Cha plastiki meno yake hupanuka upesi, kiache.

Fumua nywele, zilowanishe, paka kondishena nyingi, chana kuanzia kwenye ngozi hadi nchani, na kila mkupuo ufute kitana kwenye kitambaa cheupe. (Mawese yanalainisha, ila wekundu wake utaficha weupe unaoutafuta.) Ukipata chawa hai, hapo dawa inahusika. Ukiona vyeupe tu, shika unywele mmoja uvisukume kwa kucha. Yai la chawa limegandia upande mmoja na halisogei. Kikiteleza kama ushanga kwenye uzi, kina urefu wa milimita 2 hadi 7 na kimeuzunguka unywele wote, hicho ni kijibomba cha ngozi iliyobanduka kwenye tundu la unywele. Hakiambukizi. Mara nyingi chanzo ni msuko uliobanwa mno. Mba nao huchangia. Dawa ya chawa haikigusi, kwa kuwa hakuna cha kuua, na mafuta ya taa huunguza ngozi na kushika moto. Legeza msuko, endelea kuchana. Kama kuna mba, shampuu ya ketokonazo ya asilimia 2, mara 2 kwa wiki, povu likae dakika 3 hadi 5 kabla ya kusuuza.

Kidoa cheupe kisichoteleza, na unywele unakatikia hapohapo ukiacha ncha kama brashi? Hizo ni nywele zilizochoshwa na rilaksa au pasi. Kitana weka kando, kitazimaliza.

Kasoro kubwa iko kwenye nywele za kipilipili: hukwama na meno hulegea. Tangulia na chanuo pana, kisha gawa mafungu membamba. Mtoto aliyenyolewa kwa ajili ya shule hakihitaji, kumkagua kichwa kwenye mwanga wa mchana kunatosha. Na wakati wa kukisafisha, chenye mpini wa plastiki usikichemshe. Kiloweke dakika 10 kwenye maji ya moto yasiyochemka, ukikaushe kisishike kutu.